Duara Letu Halijanyamaza

Jumatatu, 10 Juni

Siku ya nne duara letu, shimo letu la dhahabu, limenyamaza. Vijana wangu wawili wamekimbilia Buseresere, eti huko dhahabu inatoka juu juu kama viazi. Goti langu halishuki ngazi. Na sheria ya machimbo yetu hapa Kharumwa haina huruma: shimo likikaa siku saba bila mlio wa nyundo, mwenyekiti Jilala analigawa. Magesa wa shimo jirani ameshaanza kulipima kwa hatua. Leo kaniamkia kwa upole mno. Dalili mbaya!

Silitoi. Magogo ya kwanza ya kuzuia kuta aliyabeba marehemu mke wangu, Limi, kichwani. Kila gogo alilikwaruza alama, kama nyayo za kuku. Bado zipo.

Jumanne, 11 Juni

Nimepata akili! Sheria inataka mlio wa nyundo. Haijasema nyundo ya nani. Nimechukua simu ya Limi, nikajibanza nyuma ya kifusi, nikamrekodi Magesa mwenyewe akigonga mwamba. Nusu saa nzima! Memori kadi nikaitia kwenye spika ndogo, nikaishusha shimoni kwa kamba. Ko, ko, ko. Kila nusu saa naivuta, naianzisha upya. Kibarua mzuri. Haombi chai.

Jioni Magesa kasimama, kasikiliza, kauliza fundi mwenye mkono mtamu hivyo nimemtoa wapi. Nikasema Samuye. Ana aibu.

Jumatano, 12 Juni

Magesa kamletea mtu wangu wa Samuye uji wa mtama. Kasubiri apande. Nikamwambia amefunga. Magesa alipoondoka nikaunywa mimi. Ulikosa chumvi.

Alhamisi, 13 Juni

Balaa!

Jilala alikuja kukagua, watu kama ishirini nyuma yake. Ko, ko, ko. Akaridhika, akaanza hotuba. Ndefu! Nusu saa ikapita, nami nimesimama kama mti, siwezi kuvuta kamba mbele za watu. Nyundo ikakoma. Spika ikaingia rekodi inayofuata.

Limi hakupenda kalamu. Mambo ya kukumbuka aliyarekodi kwenye simu ileile. Sauti yake ikapanda kutoka futi sitini chini: "Baba Vumilia! Hivi Magesa atarudisha lini sufuria yangu? Ile ya mfuniko mwekundu! Na wewe njoo ule, ugali unapoa."

Hakubaki mtu. Jilala aliacha kiatu. Magesa alikwenda akipiga yowe: mayu, mama wee, anarudisha, anarudisha leo hii!

Mimi nilikaa ukingoni. Sauti hiyo sikuwa nimeisikia tangu Februari, tulipomzika. Sikujua kama ipo. Nilikaa mpaka nyundo ikaanza tena yenyewe.

Ijumaa, 14 Juni

Sufuria imerudi! Imesuguliwa kwa mchanga, na kuku ndani. Jilala katangaza, akiwa mbali: duara lile lina mtu kazini, halichukuliwi kamwe. Nimeshinda!

Nimesonga ugali wa watu wawili. Mazoea.

Jumapili, 16 Juni

Vijana wamerudi kutoka Buseresere mikono mitupu. Nikafurahi. Donatus, mkubwa wao, kachungulia shimo, karudi nyuma. Kasema, Mzee, shikamoo tutakupa hata kesho, lakini huko chini kwa mama wa watu hatushuki bila ruhusa yake mwenyewe.

Kwa hiyo nina duara la milele na hakuna wa kulichimba. Kuvuta spika juu na kuwaonyesha kungetosha. Lakini Magesa angedai kuku wake, nami nimeshamla.

Ile rekodi ya sufuria nimeihamishia kadi nyingine. Hiyo haishuki tena shimoni. Ni yangu.

Ila nimepata akili! Shemeji Apolonia, mdogo wake Limi, ana sauti ileile. Nimemwomba arekodi maneno machache tu: shukeni, wanangu, nimewaruhusu. Kakubali papo hapo. Ila Jilala hajamrudishia jembe lake tangu masika, naye shemeji anaomba tulidai humo humo kwenye rekodi.

Nimemwambia hakuna shida.