Mtu wa Tano Kwenye Foleni ya Mkate

Jumatatu, 3 Juni

Nimeingia kwenye filamu! Kazi: mtu wa tano kwenye foleni ya mkate. Sina cha kusema. Ila nilivyosimama, mwongozaji mwenyewe aligeuka kunitazama. Shangazi anasema alikuwa anatafuta choo.

Kisa ni cha mapenzi na vita. Mji umetekwa. Mwanamke mwoka mikate anampenda ofisa wa jeshi lililouteka. Anampa mkate, kisha moyo, kisha majina ya majirani zake. Nimechukia kabisa. Mtu auze majirani kwa ajili ya macho mazuri! Mimi hata nichinjwe.

Shangazi ni mtu wa sita, nyuma yangu, na kikapu chake. Ndiye aliyenitafutia hii kazi. Nimemwomba asiseme kwamba tuna undugu, watu wasije wakadhani nimebebwa.

Halafu kuna Dada wa Daftari. Kazi yake ni kuhakikisha kila kitu leo kiko kama kilivyokuwa jana: kifungo, mkunjo wa kola, kofia imeinama upande gani. Tukimaliza kupigwa filamu anatupiga picha, anaandika. Mimi kanipiga tatu. Tatu! Mbele, ubavuni, kisogoni. Mwanamke hampigi mwanamume picha ya kisogo hivihivi tu.

Jumanne, 4 Juni

Filamu ni ya majira ya baridi. Jua la leo halijapewa taarifa. Makoti ya sufu, skafu, glavu. Wanaoigiza askari wana hema na viti. Sisi raia tunasimama uani kutwa.

Wazo! Nikiwatetea wenzangu, Dada wa Daftari ataona moyo wangu ulivyo. Nikapanda juu ya sanduku, nikatangaza kwamba bila viti hatusimami. Shangazi akauliza, kama hatusimami na viti hakuna, basi tutafanyaje. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Hapo Mlingoti akadakia. Huyu ndiye mtu wa nne, mrefu mpaka mpiga kamera humwomba akunje magoti. Akasema kwa upole kwamba kesho baada ya chakula tukae chini wote, asiinuke mtu mpaka viti vije. Akapigiwa makofi. Wazo langu hilo! Dada wa Daftari alitabasamu, na si upande wangu.

Tena nimehesabu. Mlingoti kapigwa picha sita.

Jumatano, 5 Juni

Msaidizi wa mwongozaji, yule wa filimbi shingoni, ameniita nyuma ya lori la taa. Kasikia kuna mtu anachochea umati. Jasho likanitoka, maana aliyepanda sanduku ni mimi. Kumbe hajui! Akasema kuna nafasi ya mtu mwenye sentensi moja, naye anatafuta mtu mwaminifu. Nikamwambia mimi si mtu wa kuchongea wenzangu. Akasema sentensi yenyewe itapigwa kwa karibu, uso wangu peke yake ujaze pazia zima la sinema.

Nikamwonyesha Mlingoti kwa kidevu. Jina sikulitaja. Kuna tofauti kubwa.

Kabla ya chakula Mlingoti alikuwa ameshavua koti, karudishwa kwao. Hakuna aliyekaa chini. Nikasema kwa sauti kwamba huu ni unyama, sijui ni nani mwenye roho mbaya hivi. Shangazi, ambaye alikuwa ameniona nikitoka nyuma ya lori, alinitazama mpaka nikaanza kukagua vifungo vyangu.

Alhamisi, 6 Juni

Balaa! Mlingoti yumo kwenye kila kipande kilichopigwa tangu Jumatatu. Leo foleni ileile iliendelea, na mbele yangu pana pengo kama jino limeng'olewa. Dada wa Daftari alipanga picha zake mezani, akamweleza mwongozaji kwamba ama mtu yule arudi, ama siku tatu zirudiwe zote. Mwongozaji akamfokea Msaidizi. Msaidizi akapuliza filimbi, sijui anamwita nani.

Mlingoti akafuatwa kwao kwa gari. Akakataa kuvaa koti mpaka viti vije. Vikaja kumi na viwili! Nimekalia kimoja. Kizuri sana, kina mto. Ukifikiria vizuri, bila kidevu changu tusingevipata.

Dada wa Daftari akaja kuninyoosha kola. Ananukia sabuni. Akauliza polepole, “Ni wewe uliyemchongea?”

Nilitaka kusema ndiyo. Kweli nilitaka. Nikamwambia nasikia ni yule mama wa kikapu.

“Huyo mama ndiye aliyeniambia ni wewe,” akasema. Akaniacha kola nusu imenyooka, nusu imepinda. Akaipiga picha hivyohivyo. Sasa itabidi ibaki imepinda mpaka mwisho wa filamu.

Ijumaa, 7 Juni

Siku ya sentensi yangu. “Wote wako kwenye ghala.” Nimeisema kwenye kioo mara mia. Nilichokuwa sijaambiwa ni kinachofuata: mimi ndiye msaliti, na nikishasema, foleni nzima inanizaba makofi.

Mwongozaji alieleza kwamba mkono upite mbele ya shavu bila kuligusa. Wa Shangazi haukupita. Uliishia palepale. Akaomba radhi, eti macho siku hizi hayaoni vizuri. Muuza magazeti, mtu wa saba, naye macho yake kumbe yana shida hiyohiyo.

Ikafika zamu ya Mlingoti. Hakupiga. Aliniinamia, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimeumia. Niliona aibu ya kutaka ardhi ipasuke. Mwongozaji akapiga kelele kwamba anamharibia. Nikamsihi Mlingoti anipige tu. Akanigusa kama anayefukuza nzi.

Tukarudia mara kumi na moja. Kila mara Dada wa Daftari alipiga picha ya shavu langu, wekundu usipungue. Ukipungua, anamwita Shangazi.

Mwishoni mwongozaji akafurahi. Kasema uso wangu umeeleza kila kitu. Sentensi ameifuta.

Jumamosi, 8 Juni

Shavu limevimba. Shangazi kaja na kitambaa cha maji baridi, akanikanda. Alipomaliza, “Mwanangu, kawaombe radhi,” akasema. Nikamwahidi. Nilikuwa namaanisha kabisa, mpaka simu ikalia.

Msaidizi! Ana filamu nyingine, umati mkubwa zaidi, anataka mtu wa kumpa taarifa mapema. Sentensi mbili! Kataka majina ya wasumbufu ili wasiitwe.

Nimekaa nikatafakari sana. Nimemtafakari Dada wa Daftari, maana usiku mzima sura yake haikunitoka. Nampenda, basi. Picha kumi na moja za shavu moja si utani. Tatizo ni kwamba kazi inambana, hapati nafasi ya kunijua. Akikosa kazi, atahuzunika. Akihuzunika, atahitaji bega.

Kwenye orodha ya wasumbufu, jina lake nimeliandika la kwanza.