Nani Anakunywa Oili ya Pijo Langu?

Jumatatu, 8 Septemba
Oili imepungua tena! Nimelikuta Pijo palepale nilipoliegesha uani, pua chini mteremkoni, maana stata yake mvivu, linawaka kwa kuserereka. Kijiti cha kupimia kikavu. Nimeongeza lita nzima. Jumamosi litampeleka mjukuu wangu Wema kanisani Mwandiga kufunga ndoa, kama lilivyompeleka mama yake. Litampeleka tu! Shemeji yangu Yona kapita na Noah lake, kaona moshi wa bluu. Eti shemeji, injini inakula oili, mtoto apande Noah, kwenye Pijo atashuka amebanikwa kama samaki mgebuka. Nikamwambia mimi nilianza kuendesha yeye bado mtoto anafukuza kuku.

Jumanne, 9 Septemba
Uchunguzi! Jana jioni nilitandika shuka jeupe la mke wangu Verediana chini ya injini. Asubuhi hakuna tone. Nyayo za kuku tu. Basi haivuji. Kama haivuji, inaibwa! Verediana kauliza mwizi gani anaiba oili anaacha redio. Hajui upelelezi. Shuka nimelirudisha kabatini, nimelikunja uchafu kwa ndani.

Jumatano, 10 Septemba
Nilifunga uzi kwenye boneti. Uzi haujaguswa, kijiti kikavu! Mwizi huyu fundi kweli. Nimeongeza lita nyingine. Nilipowasha, moshi ukaingia jikoni. Verediana katoka na mwiko, anakohoa na kunitukana pamoja. Wema kasema taratibu, babu, nalitaka Pijo, lakini gauni ni jeupe. Neno hilo limenikaa kifuani. Ugali sikumaliza.

Alhamisi, 11 Septemba
Nimelishusha ziwani Kibirizi kuoshwa. Nikapima palepale ufukweni. Oili imepita alama ya juu! Hewa ya ziwa hiyo! Yona alikuwa ananunua dagaa, kacheka mpaka kakaa chini. Eti shemeji, hapa tambarare. Kwako gari limeinama, oili yote inakimbilia mbele, kijiti kinabaki hewani. Unalisha injini iliyoshiba, ndiyo maana inatapika moshi. Kalala chini ya Pijo na shati lake zuri, kaimwaga oili iliyozidi mpaka ikafika alama. Moshi ukakata. Nimemshukuru kwa kazi. Hewa ya ziwa haijui, kaizoea.

Jumamosi, 13 Septemba
Wema kapanda Pijo! Hakuna moshi. Gauni jeupe pee. Nimepiga honi Mwandiga nzima. Yona nyuma na Noah, kabeba masufuria ya pilau. Kurudi, stata ikagoma. Wakwe wakasukuma, Yona kuliko wote. Wema alicheka mpaka shela likadondoka. Sijaona harusi kama hii.

Jumapili, 14 Septemba
Nimepima hapa uani, pua chini kama kawaida. Kijiti kikavu! Hewa ya ziwa imeshaisha. Nimeongeza lita mbili. Tena jana Yona aliishika boneti muda mrefu mno. Uzi nimefunga upya. Shuka nimekosa, Verediana kafunga kabati na ufunguo kautia kifuani. Nimechukua la Yona, alikuwa ameanika.