Raga, Zikri na Fahali wa Injinia

Jumatatu, 17 Julai 1995

Nimedhulumiwa! Kamati ya Maulidi imeninyima tena ukatibu. Khalifa Haidari, anayetuongoza kwenye zikri hapa Ikwiriri, kasema mbele za watu kwamba mimi maneno mengi, vitendo haba. Mimi! Mtu wa safu ya mbele msikitini!

Lakini alhamdulillahi, mlango mwingine umefunguka. Injinia wa kambi ya barabara, Mzungu wa Nyuzilandi ninayempelekea mkaa, anatoa fahali kwa kijiji kitakachoshinda raga Jumamosi. Ni sisi au Nyamwage. Fahali mzima, wa kuchinjwa Maulidi! Nikimleta huyo fahali, nani atathubutu kuninyima ukatibu?

Nimejitangaza kocha. Hakuna aliyepinga, maana hakuna anayejua raga ni mdudu gani. Kocha wa Nyamwage ni shemeji yangu Bushiri, kaka yake Semeni mke wangu. Bushiri! Mtu aliyewahi kuanguka akiwa amekaa.

Jumanne, 18 Julai

Injinia kanionyesha mkanda wa Kombe la Dunia la mwezi uliopita. Televisheni yake bubu, spika imekufa. Kiswahili chake chote ni “mkaa” na “pole pole”. Lakini macho ninayo.

Mpira wenyewe una umbo la papai. Unataka kwenda mbele, unaurusha nyuma! Nani alibuni upuuzi huu? Kila baada ya muda wanainama, vichwa makwapani mwa wenzao, wanasukumana kama watu wa Maparoni wanaokwamua mtumbwi matopeni. Ila hapa mtumbwi hakuna.

Kila taifa na tabia yake. Waingereza wanapiga teke mbali kisha wanaufuata mpira taratibu, kama mabwana shamba wanaokuja kukagua. Wafaransa wanapeana mpira kama umbea, hakuna ajuaye utaishia kwa nani. Wasamoa wanamkumbatia mtu kama ndugu aliyepotea, halafu wanambwaga. Afrika Kusini ni ukuta, hawapiti wala hawapitiki.

Lakini Nyuzilandi! Nimetokwa na machozi. Kabla ya mchezo wanajipanga mstari, nguo nyeusi, wanapiga kifua, wanatwanga miguu chini, wanavuta pumzi, macho yamewatoka. Jamani, ile ni zikri! Zikri kabisa! Watu wa tarika, mwisho wa dunia huko, na sisi hatuna habari!

Nimemhadithia Semeni. Kauliza, basi hao wanaozikri ndio waliochukua kombe? Nikasema hapana, ni Afrika Kusini. Akasema haya Baba Amal, umetafuta kote ukaona uwaige walioshindwa. Nikamwambia kushindwa ni kudra. Mwanamke huyu hana jicho la mpira.

Jumatano, 19 Julai

Mazoezi kwenye shamba la mpunga lililokwisha kuvunwa. Mpira anao injinia, sisi tumetumia papai bichi. Asubuhi Kiingereza: Ally, mchezaji wangu, kalipiga teke, kidole kimevimba kama kiazi. Jioni Kifaransa: papai likarushwa nyuma, nyuma, nyuma, likatoka shambani, likaishia kwa Mwanahalima muuza vitumbua. Kalimenya, kaliweka chumvi, kalila. Kasema anasubiri la kesho, safari hii liwe limeiva kidogo.

Hawana adabu!

Alhamisi, 20 Julai

Kisamoa. Nimewaambia, mwenye mpira abwagwe, hata awe nani. Mzee Mohamedi kakimbia na papai, mbele yake yuko Ally na kidole chake. Ally kasimama. Kapisha njia. Kasema shikamoo baba. Mzee Mohamedi ni mkwewe! Nikafoka. Ally akajibu kwa upole kwamba kocha, nikimbwaga huyu leo, kesho nalala wapi? Timu nzima ikamuunga mkono. Nikahesabu haraka nani kaoa kwa nani. Tumeoana wote! Hakuna anayeweza kubwagwa!

Ijumaa, 21 Julai

Baada ya swala nimepata ufumbuzi. Tuachane na mataifa mengine. Sisi ni Nyuzilandi. Tutaanza na zikri, Nyamwage watetemeke, tushinde. Sijamwambia Khalifa Haidari. Ataona mwenyewe na atajuta.

Jumamosi, 22 Julai

Sijui nianzie wapi.

Watu walijaa. Fahali kafungwa pembeni, mnene, mashallah. Nyamwage walivuka mto kwa pantoni tangu asubuhi, Bushiri mbele, filimbi shingoni, kama askari wa barabarani. Nikawapanga vijana wangu mstari. Nikaanzisha. Wakaitikia, miguu chini, pumzi juu. Injinia kavua kofia, kasimama wima, midomo inamcheza. Nikajua fahali wetu!

Kisha nikasikia sauti nzito upande wa pili. Bushiri! Kapokea! Nilisahau kwamba Nyamwage nao ni watu wa tarika hiihii. Wakasogea, wakaungana nasi, mabega kwa mabega. Watazamaji wakaingia. Khalifa Haidari naye kaja katikati, kafumba macho.

Injinia kapuliza kipenga. Nani asikie? Mimi nilikuwa wa kwanza kutaka kukoma, namvuta Ally kanzu, namnong'oneza raga, raga! Akanitazama kama anayemtazama kafiri. Zikri haifungwi mpaka khalifa aifunge, na khalifa alikuwa mbali kabisa na dunia hii. Kaifunga adhana ya magharibi ilipokaribia. Mpira haukuguswa!

Jumapili, 23 Julai

Injinia kasema, kwa mikono, kwamba hakuna aliyeshindwa, kwa hiyo fahali ni wa wote. Khalifa kaamua Maulidi yawe ya pamoja, huko Nyamwage, kwenye ua wao mpana. Na katibu wa kamati ya pamoja, kwa sauti yake iliyowafikisha watu mbali jana, awe Bushiri.

Bushiri!

Fahali kapanda pantoni, Bushiri kashika kamba. Kanipungia mkono. Kasema shemeji, wewe njoo tu, nyama utapata. Semeni kacheka mpaka kakaa chini. Nimekataa chakula cha mchana. Cha usiku nilikula, nilikuwa nimeshawasamehe kidogo.

Jumanne, 25 Julai

Nimepeleka mkaa. Injinia alikuwa anatazama mkanda mwingine, bubu vilevile. Mchezo wa Wahindi, wa gongo na kijipira chekundu. Ningempita, lakini nikaona jambo. Wachezaji wote nguo nyeupe, safi, kama Ijumaa. Watulivu. Hakuna kubwagana, mkwe na mkwe wanaweza kucheza bila fedheha. Na katikati ya mchezo, mara wote wakatoka uwanjani pamoja, kimya, bila kugombana, wakakaa kitambo, wakarudi wakifuta midomo.

Wamekwenda kuswali. Nini kingine?

Nimemwomba injinia atoe fahali wa pili. Kasema “pole pole”. Hiyo ni ndiyo. Ally kidole kimepona, kesho alfajiri namtuma akachonge magongo.