Mwanyumba Wangu na Kiwanja Namba Kumi na Nne

Jumatatu, 16 Septemba

Tumefika milimani! Tumekaa barabarani saa tisa nzima kutoka kwetu Salina, Kansas. Gari-nyumba letu la mwaka 1998 halikuchemka hata mara moja, ukiacha mara mbili. Miti ya aspeni imegeuka manjano mlima mzima. Hewa inakata pua. Nikamwambia mke wangu Nadine kwamba hapa ndipo roho yangu inapokaa, mwili tu ndio uko Salina.

Kisha nikakiona kiwanja namba 14 cha kambi. Kiwanja changu! Kila Septemba, miaka tisa, nimeegesha pale, mto mbele, mlima nyuma. Kimekaliwa. Na kilichokikalia si gari, ni hoteli. Lina kuta zinazotoka ubavuni ukibonyeza kitufe. Lina dishi juu ya paa. Lina kamera mlangoni, kama benki.

Mlango ukafunguka, akatoka Orrin Maddox na kandambili miguuni. Orrin, aliyemwoa Charlene, dada wa mke wangu! Mwanyumba wangu mwenyewe, aliyeapa mbele ya watu Pasaka iliyopita kwamba kulala porini ni kazi ya wanajeshi na popo!

Akanikumbatia. Akasema wametaka kutushtukiza. Alikishika kiwanja kwenye mtandao miezi sita iliyopita. Nadine alijua. Anadai aliniambia, ila mimi nilikuwa nasikiliza besiboli.

Sisi tuko namba 15. Kinatazama vyoo.

Jumanne, 17 Septemba

Habari kubwa. Bi Yolanda Trujillo, mkuu wa askari wa hifadhi katika kambi hii, amepita asubuhi na kutangaza kwamba wazee waliokuwa wenyeji wa kambi wanastaafu. Anatafuta wa kujitolea. Mwenyeji mpya atakaa kiwanja namba 14 msimu mzima wa mwaka ujao, atapewa fulana ya kijani na kofia yenye nembo. Bi Yolanda atamtaja Jumapili.

Kofia ile! Nimeitamani tangu mwaka wa kwanza. Nani anaijua kambi hii kama mimi? Najua bomba lipi linavuja. Najua choo kipi usiingie.

Orrin akauliza mwenyeji hufanya nini hasa. Bi Yolanda akamweleza: kupokea wageni, kuelekeza watu njia, kufagia majivu kwenye majiko. Orrin akasema inaonekana raha. Raha! Mtu hajamaliza hata siku mbili!

Mchana akatoa mashine ya kahawa nje, inayosaga yenyewe. Kambi nzima ikamiminika. Hata yule babu wa namba 9, ambaye hajanisemesha miaka minne, alikuwa pale anacheka mpaka meno ya bandia yakacheza. Kahawa ilikuwa tamu. Nilikunywa vikombe vitatu kwa uchungu mkubwa.

Lazima niwaonyeshe nani mwenyeji wa milima hii.

Jumatano, 18 Septemba

Mpango wa leo ulikuwa mzuri. Nitaandika ulivyoharibika, lakini ulikuwa mzuri.

Msimu huu kulungu madume wanagombea majike. Unawasikia bondeni wakilia kama milango isiyotiwa mafuta. Mimi nina filimbi ya kuwaita. Nikawakusanya watu wa kambi, nikawaambia wasubiri kidogo, watamwona dume akijitokeza kilimani kwa wito wangu. Nikapuliza. Kimya. Nikapuliza tena, kwa madaha. Orrin akamnong'oneza Charlene kitu. Nikapuliza mara ya tatu kwa hasira.

Dume likaja. Ila halikusimama kilimani. Liliteremka, likavuka mto, likapita viti vya watu vikiruka huku na huku, likaenda moja kwa moja kwenye gari letu. Likajiona kwenye kioo cha ubavuni. Likadhani ni dume mwenzake aliyelitangulia mahali pazuri! Pa! Kioo kwisha. Likazunguka upande wa pili, likamkuta mwingine. Pa!

Sijawahi kuona kiumbe mjinga namna ile.

Bi Yolanda akaja. Kumbe kuita wanyama ndani ya hifadhi ni marufuku. Nimeandikiwa onyo. Akasema nikipata la pili, nifungashe niondoke, tena mwaka ujao nisirudi.

Orrin akaja na kioo cha akiba, akakifunga kwa utepe wa gundi, anapiga mluzi. Ana kioo cha akiba! Mtu gani mwenye akili timamu anasafiri na kioo cha akiba? Nadine akamshukuru kwa sauti ambayo mimi sijaisikia tangu harusi.

Ijumaa, 20 Septemba

Jana sikuandika. Nilikuwa nafikiri.

Sheria kubwa hapa ni moja: chakula hakikai nje. Kinafungiwa garini au kwenye kabati la chuma, kwa sababu ya dubu. Ukikutwa umeacha chakula, unaandikiwa onyo. Basi nikawaza: Orrin akiandikiwa onyo, tutakuwa sawa. Sitaki kumwumiza mtu. Nataka usawa tu.

Saa nane mchana wakaenda kutembea, Orrin, Charlene na Nadine. Nikabaki, nikasema goti linauma. Bi Yolanda hupita saa tisa. Nikalichukua kasha la barafu la Orrin, la bluu, lililokuwa ndani tu ya mlango wake, ambao hakuufunga kwa ufunguo, nikaliweka juu ya meza ya nje, nikalifungua kifuniko kidogo. Nikarudi kwetu kusubiri haki itendeke.

Dubu alimtangulia Bi Yolanda.

Mchana kweupe! Dubu mweusi, mnene kama pipa. Akala kilichokuwa ndani kwa utulivu, anajilamba. Kisha akainua pua, akaifuata harufu ya mikono iliyobeba kasha. Yaani mikono yangu. Nikapanda juu ya paa la gari. Nikakaa huko dakika arobaini, dubu akinizunguka na kunitazama kama anayesoma menyu.

Waliporudi, Orrin akachukua sufuria mbili, akamwendea huku akizigonga na kumfokea: "Toka! Toka hapa, mwizi wee!" Akiwa na kandambili! Dubu akaondoka.

Ndani ya kasha mlikuwa na pai ya pichi. Pai ya Nadine, ya chakula cha pamoja cha jioni. Friji yetu haikuwa na nafasi, akamwomba Orrin aihifadhi. Alianza kuukanda unga wake saa kumi na mbili asubuhi.

Bi Yolanda akauliza nani kaacha kasha nje. Nikafungua mdomo. Orrin akaniwahi, akasema labda ni yeye, yeye ni mgeni wa mambo haya, amesahau. Akaandikiwa onyo yeye.

Nilichotaka kimetokea! Nilifurahi kwa muda wa kutosha kushuka kwenye paa. Nadine ananitazama tangu jioni. Afadhali dubu.

Jumamosi, 21 Septemba

Theluji inakuja. Naisikia kwenye goti, lile lisilouma jana. Watu wa mabonde hawajui kwamba mwezi wa tisa huku unaweza kulala kiangazi ukaamka baridi kali. Jambo la kwanza ni kuchomoa mpira wa maji kabla haujaganda, la sivyo mabomba ya gari yanapasuka.

Orrin hajauchomoa wake. Nimeutazama dirishani mchana kutwa. Nikiandika hivi bado upo, umelala pale kwenye nyasi kama nyoka mpumbavu. Sijamwambia. Hakuniuliza! Mtu mwenye mashine ya kusaga kahawa yenyewe si ajue mwenyewe?

Nadine aliniita mara mbili kuhusu maji, nikamwambia asinisumbue, nina shughuli dirishani.

Jumapili, 22 Septemba

Theluji hadi kwenye vifundo vya miguu. Mpira wa Orrin una waya wa umeme ndani, unajipasha joto wenyewe.

Wangu haukuwa na kitu. Wangu nilisahau kuuchomoa.

Bomba limepasuka chini ya sinki, sakafu imekuwa barafu, hita imekataa. Nadine alikuwa amejifunga mablanketi manne, pua tu ndiyo inaonekana. Akasema, "Verlin, nenda kamgongee mwanyumba wako." Nikasema sigongi. Akasema, "Basi nitaenda mimi, na nikienda sirudi." Nikaenda.

Orrin akatuingiza bila swali. Ndani kuna joto kama kwenye tanuri la mikate. Charlene akamlaza dada yake, akanipa soksi kavu na kunipigapiga bega: "Pole, shemeji." Tukabaki wanaume wawili mezani. Orrin akanimiminia kahawa. Kisha akasema maneno ambayo nayaandika kama yalivyo.

"Unajua kwa nini nilinunua lijumba hili?"

Nikasema kwa sababu ana uwezo.

"Kwa sababu yako, bwana. Kila Septemba Nadine anamwandikia dada yake kadi. Charlene ananisomea mezani. Verlin kawasha moto kwenye mvua. Verlin anajua mti gani ni upi. Miaka tisa! Mimi moto siwashi hata na petroli. Nikasema, nikinunua gari kubwa kuliko la Verlin, labda kadi zitaisha."

Nikaanza kusema kwamba kuna jambo kuhusu lile kasha la bluu.

"Najua," akasema. "Uko kwenye kamera ya mlango. Unanyata vibaya sana, mwanyumba."

"Sasa kwa nini hukunisema?"

"Ungefukuzwa. Nani angenifundisha kuwasha moto?"

Nililia kidogo. Nikasema ni moshi wa kahawa.

Tukatoka kwenye theluji. Nikamwonyesha kuchonga vipande vikavu kutoka ndani ya gogo lililolowa, kupanga vijiti, kuziba upepo kwa mgongo. Mara ya saba moto ukashika. Akaruka kama mtoto, akanikumbatia. Na mimi nikajisikia mwepesi. Nimeacha wivu. Naandika hapa kwa herufi kubwa: NIMEACHA. Mimi ni mtu mpya.

Adhuhuri Bi Yolanda akaja na kofia mkononi. Orrin akamwahi, akamwambia mbele ya kambi nzima kwamba hakuna anayestahili kama Verlin Stuckey. Nikavua kofia yangu ya zamani, kichwa kikae tayari.

Bi Yolanda akasema amekwisha kuchagua. Akampa Nadine.

Nadine! Eti miaka tisa ndiye anayepokea wageni, anayewaelekeza, anayefagia majivu hata ya majiko ya wenzake. Babu wa namba 9 akapiga makofi wa kwanza. Bi Yolanda akaongeza kwamba mwenyeji anaruhusiwa kuja na mumewe, almuradi atulie.

Jumatatu, 23 Septemba

Tunarudi Salina. Nadine anaendesha, anasema anaona vizuri zaidi akiwa na kofia. Hajaivua tangu jana. Aliivaa akila. Asubuhi kambi nzima ilimpungia, Bi Nadine safari njema, Bi Nadine tuonane Juni. Mimi nilipungiwa na mtu mmoja, na alikuwa anafukuza nyigu.

Sina wivu. Nilishaandika. Kofia inampendeza, nani amekataa? Ni kofia tu.

Ila jambo moja. Tulipofika tambarare amenieleza mipango yake ya mwaka ujao. Kila Jumamosi wageni watafundishwa kuwasha moto. Nikasema vizuri, mke wangu, nitajiandaa. Akasema ameshamwomba Orrin. Anasema Orrin ana subira, tena watu wanampenda.

Orrin! Amewasha moto mmoja maishani mwake! Mmoja! Na mgongo uliozuia upepo ulikuwa wangu!

Nimejifanya nimelala, kumbe naandika. Mpango wa safari hii ni rahisi na hauwezi kushindwa. Nitamtangulia Orrin siku moja. Nitazilowesha kuni.