Soli za Bingwa

Jumatatu, 3 Februari

Nimerudi kutoka hospitali, mtu wa sayansi! Ukumbi mmoja, tafiti mbili. Mlango wa kushoto: sisi wenye baridi yabisi ya kiungo cha kidole gumba cha mguu. Wa kulia: watoto wanaohangaika kutulia na kusoma, akiwemo binti yangu wa darasa la nne.

Muuguzi ametugawia soli za kuweka ndani ya viatu. Za wengine ni tiba, za wengine ni geresha, na hata yeye hajui zipi ni zipi. Zangu ngumu kama ubao. Za Bingwa, fundi cherehani mwenzangu wa ng'ambo ya barabara, zinabonyea. Mtu yule ana bahati ya kuudhi.

Fomu ina kurasa nne. Nilitia sahihi kufumba na kufumbua. Binti alikuwa bado ukurasa wa kwanza wa yake, kidole chini ya mstari. Nilimhimiza. Watu wanatuangalia!

Jumanne, 4 Februari

Mwalimu mkuu anataka sare ishirini Ijumaa, la sivyo kazi anampa Bingwa. Bila kidole hiki sikanyagi cherehani, na bila cherehani nyumbani hatuli.

Nimeshona mpaka adhuhuri bila kupiga kelele hata mara moja. Mke wangu kasema labda ni zile soli. Upuuzi! Ni ujasiri wangu. Zile ni geresha. Penye nia pana njia.

Jumatano, 5 Februari

Siku ya kupimwa. Viatu huachwa nje ya mlango. Nikajidai naenda msalani, nikabadilisha soli zangu na za Bingwa. Miguu ya Bingwa ni mikubwa, kwa hiyo zake nikazipunguza kwa mkasi (fundi hatembei mikono mitupu), na zangu nikazishindilia vitambaa kisigino, zisicheze ndani ya viatu vyake.

Bingwa alilalamika kwamba viatu vimembana. Muuguzi akamwambia miguu huvimba kwa joto. Nusura nimkumbatie muuguzi.

Alhamisi, 6 Februari

Laini! Natembea kama juu ya godoro.

Saa nne asubuhi kidole kinawaka moto. Nimemweleza mke wangu kwamba tiba inapigana na ugonjwa. Ameniletea beseni la maji baridi. Sare saba zimebaki. Ng'ambo, Bingwa anaimba huku cherehani yake inanguruma.

Binti ameagizwa na daktari wake asome mistari mitano kila siku, ya chochote. Kachukua fomu yangu, kaifungua ukurasa wa tatu. Neno kwa neno: mshiriki atakayebadilishana soli na mwenzake ataondolewa. Nikamwambia amekosea. Machozi yakamlengalenga, akarudia mstari. Hakuwa amekosea. Nilijichukia, dakika tatu hivi.

Ijumaa, 7 Februari

Arobaini zangu zimefika. Bingwa alikwenda kwa daktari kulalamikia kisigino. Kumbe kila soli ina namba upande wa chini! Wakakuta namba yangu ndani ya kiatu chake, pamoja na vitambaa vya sare.

Zangu zilikuwa na bati ndani, la kuzuia kidole kisipinde. Zangu ndizo tiba! Tumeondolewa wote wawili, ila Bingwa kaachiwa soli alizonazo, eti kumpoza. Na sare kapewa yeye. Alinishukuru mbele ya watu.

Jumamosi, 8 Februari

Nimemwomba binti radhi. Nimemwambia alisoma sawasawa, na kwamba kuanzia leo sitii sahihi kabla ya kusoma. Alifurahi mpaka nikaona haya.

Kisha nikamsindikiza mlango wa kulia. Huko watoto wana pedali laini za kuchezesha miguu chini ya meza, ili watulie. Pedali laini! Nikiifunga kwenye cherehani yangu, Bingwa atanitambua. Fomu zilikuwa mezani. Nimetia sahihi kurasa zote sita, kwa jina langu.

Binti amefika ukurasa wa pili, kidole chini ya mstari. Ananisomea kwamba mshiriki awe na umri chini ya miaka kumi na miwili.

Nimemwambia asome kimoyomoyo.