Upungufu wa Madume Miongoni mwa Njiwa Pori

Idara yetu ina furaha kutangaza kwamba taifa limeishiwa njiwa pori madume. Nasema furaha kwa sababu sisi ndio tuliogundua.

Mbinu ilibuniwa na Mkurugenzi mwenyewe: anayelalia mayai ni jike. Basi. Wakaguzi walizunguka viota mia nne, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri, maana serikali ina saa zake. Matokeo: majike, mia nne. Mimi karani wa takwimu niligonga mihuri mpaka kidole gumba kikavimba. Mkurugenzi akaandaa waraka wa kuagiza madume kutoka ng'ambo.

Aliyetaka kuniharibia takwimu ni Mama Pete, mama anayewavisha njiwa pete za rangi miguuni ili awatambue. Miaka ishirini na miwili kazini, amebakiza mitatu astaafu.

"Bosi, mchana hulalia baba. Mama huingia jioni. Wanapokezana."

"Baba gani anakaa nyumbani kutwa?" Mkurugenzi alicheka. "Tia sahihi, au kesho usije."

"Sitii. Na kesho nitakuja, nimeacha mwavuli wangu."

Loo! Roho iliniuma, lakini nina watoto. Nikagonga mhuri.

Kesho yake mchana Waziri alifika kuzindua waraka. Nje ya dirisha la Mkurugenzi, juu ya kiyoyozi, njiwa mwenye pete nyekundu alikuwa kiotani.

"Jike huyo," Mkurugenzi alieleza kwa madaha.

Mama Pete, mwavuli kwapani, alisema kutoka mlangoni: "Mheshimiwa, nakuomba usubiri jioni kidogo tu."

"Ofisi hufungwa saa tisa!" Mkurugenzi alimaka.

"Mimi sina haraka," alisema Waziri, akavuta kiti.

Saa kumi na nusu akatua njiwa wa pete ya njano. Yule wetu wa pete nyekundu akainuka, akampisha kiotani, kisha akavimbisha koo na kumwinamia mwenzake mara tatu, akilia kwa kubembeleza. Hata dereva wa Waziri alielewa. Waziri alicheka hadi akafuta machozi.

Sasa Mama Pete ndiye anayekalia kiti cha Mkurugenzi. Mkurugenzi wa zamani ni Mkaguzi wa Viota, zamu ya usiku. Ripoti yake ya kwanza nimeigonga mhuri mwenyewe: "Anayelalia usiku ni jike. Kuna baridi kali. Naomba koti."

Mama Pete aliandika pembeni: "Jike hana koti na hajalalamika. Ombi limekataliwa."