Uzinduzi wa Seva ya Orodha ya Vibanda, Soko la Kalerwe

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ni mimi, Mwenyekiti wa Kamati ya Mapokezi, aliyenipokea mimi, waheshimiwa madiwani mlioko kivulini na wachuuzi mlioko juani, itifaki imezingatiwa.

(Makofi kutoka kivulini.)

Mimi, Opoka, Mkurugenzi wa Idara ya Upakuaji Mkubwa, nimesimama kando ya seva hii iliyofunikwa kitambaa chekundu kuwatangazia kwamba orodha ya vibanda vipya, faili moja la gigabaiti mbili, kwa kuwa kila ukurasa una picha yangu ya rangi, sasa inapatikana kidijitali, na kila mchuuzi ataipakua, ataichapa na kuionyesha langoni kabla ya saa kumi leo, la sivyo kibanda chake apewe diwani yeyote mwenye uhitaji.

(Makofi marefu kutoka kivulini. Minong'ono juani.)

Binti yetu Whitney, injinia kutoka Chuo Kikuu cha Kyambogo, alinishauri kwamba sistimu ikague kibali tu, kisha seva yenyewe imkabidhi mtu faili vipande vipande, na mtandao ukikatika aendelee pale alipoishia. Nilicheka. Tangu lini waraka wa ofisi ukatoka bila kupita mezani? Nikaagiza faili liingie lote kwanza kwangu, lipigwe muhuri, ndipo litoke, na likikatika njiani lirudi mezani lianze upya. Matokeo ya majaribio tuliyoanza juzi mmeyaona: jana watu mia tatu waliomba, na foleni imedumu kwa asilimia mia moja.

(Mama Nusura, muuza samaki, anasimama: "Ssebo, hii kitu inafika tisini na tisa halafu inarudi sifuri. Mimi iko hapa tangu juzi. Kibanda yangu je?")

Mama, tisini na tisa ni alama kubwa. Mimi shuleni sikuwahi kuifikia.

(Kicheko. Mama Nusura hacheki.)

Semeni nami: Upakuaji, oye! Meza kwanza, oye!

(Mkurugenzi anajiitikia.)

Nikihitimisha, namshukuru Whitney, ambaye seva aliyoiomba tutaifikiria mwakani. Namshukuru fundi aliyetuchorea ile tisini na tisa ili msikate tamaa. Na zaidi ya wote namshukuru Mama Nusura kwa kutuazima friji lake tulifunike kitambaa hiki. Atarudishiwa leo hii hii, mara tu akituonyesha orodha yenye jina lake, ambayo nitaanza kuiandika Jumatatu.